Kifuko Chekundu cha Kiti cha Mwisho

Mtu anapowamba ngoma huishika ngozi kwa mikono yake mwenyewe, na mikono ya mtu haijapata kuvuta kuelekea kwa jirani. Atavuta upande alioketi yeye. Si lazima awe mwizi wala mzushi. Pengine ni mtu mwadilifu, mcha Mungu, anayelipa nauli hata siku ambayo mkaguzi hakupita. Lakini ngozi itakuja kwake tu. Wahenga waliliona hilo zamani wakalitolea methali, nasi tunaisema kila siku, na kila tunapoisema tunamnyooshea kidole mtu mwingine.

Bi Odile Radelet alikuwa bingwa wa kunyoosha kidole hicho. Mwaka 2008 alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na kwa miaka thelathini alikuwa mtunza kumbukumbu wa Shindano la Fidla la Mto Meuse, katika mji wa Liège. Ofisi yake ilikuwa chini ya ukumbi, chumba kirefu chenye makabati ya kadi, picha na kanda za redio. Wazee waliokuja kumsimulia mambo ya kale aliwasikiliza kwa adabu, akawapa kahawa, kisha wakishaondoka akatikisa kichwa na kusema peke yake, "Huyu naye kajipakulia minofu." Aliamini karatasi. Karatasi, alipenda kusema, haina baba wala shangazi.

Shindano lenyewe lilianzishwa mwaka 1958 na mjane wa tajiri mmoja wa kiwanda cha chuma, na tangu hapo lilifanyika kila baada ya miaka mitano. Vijana walitoka Japani, Urusi, Brazili na kwingineko wakalala katika nyumba za wenyeji, wakafanya mazoezi kwenye vyumba vya kulia chakula huku mbwa wa nyumba wakilia nao. Mji mzima ulishika upande. Hadi leo ukienda kununua soseji ng'ambo ya mto, mwuza nyama atakueleza nani alidhulumiwa mwaka 1973, na usipokubaliana naye atakupimia mafuta matupu.

Lakini sifa za shindano hilo zilitokana na jambo moja lililotokea katika fainali ya kwanza kabisa, jambo ambalo watu wa Liège huliita Jioni ya Uzi. Msichana wa Kihungari aitwaye Piroska Halmos, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa ameingia mjini miaka miwili kabla yake akiwa mkimbizi mwenye begi moja, alikuwa akipiga sehemu ya tatu na ya mwisho mbele ya okestra ghafla uzi wa juu wa fidla yake ukakatika. Okestra zina desturi yao kwa ajali hiyo. Kiongozi wa fidla, ambaye huketi karibu kabisa na mpigaji mkuu, humpa fidla yake. Yeye huchukua ya jirani yake, jirani huchukua ya mtu wa nyuma, na fidla iliyoharibika husafiri mkono kwa mkono hadi kiti cha mwisho. Huko, mtu wa mwisho hutoa uzi mpya mfukoni na kuufunga. Yote hayo hufanyika muziki ukiendelea. Piroska alipokea fidla ngeni, akapiga hadi mwisho kama mtu anayefukuzwa, akashinda. Redio ilirusha habari hiyo mbali, na shindano la mji wa machimbo ya makaa ya mawe likawa shindano la dunia.

Mwaka 1963, kwenye shindano la pili, kanuni za okestra ziliongezwa kifungu cha kumi na nne: kwamba mpiga fidla wa kiti cha mwisho atabandika kwenye kinara chake cha karatasi za muziki kifuko chekundu chenye nyuzi za akiba. Kifuko hicho kimekuwapo tangu hapo. Bi Odile alikuwa akiwaeleza wageni kwamba ni alama ya heshima kwa Piroska Halmos. Nani alimwambia hivyo, hakukumbuka. Alisema tu, na wageni waliandika.

Sasa shindano lilikuwa linatimiza miaka hamsini, na kamati ikaamua jambo zuri lililogeuka kuwa balaa. Fidla ngeni aliyoipokea Piroska siku ile itafutwe kwa familia ya mwenyewe, iwekwe ndani ya kabati la kioo sebuleni mwa ukumbi, chini yake pawe na kibao cha shaba chenye jina la mwenye fidla, na pazia lifunuliwe Jumamosi kabla ya fainali. Mwenyekiti wa kamati, Wakili Lhoest, mtu mfupi mwenye haraka za kudumu, alimwambia Bi Odile siku ya Jumatatu kwamba mchonga kibao anataka jina kabla ya Alhamisi adhuhuri. Akaondoka kabla hajajibiwa.

Hapo mwanamke huyu akaanza kupata homa ya moyo. Baba yake, Hubert Radelet, alikuwa mpiga fidla katika okestra ile. Alifariki Odile akiwa na miaka kumi na saba, na hakuacha mtaa wenye jina lake wala sanamu bustanini. Aliacha fidla moja kabatini, nyuma ya mashuka. Mama yake, Alphonsine, mpaka anakata roho alikuwa akisema kwamba fidla hiyo ndiyo iliyopigwa na Piroska. Kwa maelezo ya mama, Achille Dehousse, kiongozi wa fidla, alikatalia chombo chake, kwa kuwa kilikuwa cha Kiitaliano, cha thamani, na cha kuazima. Basi Hubert, aliyeketi ubavuni pake, ndiye aliyenyoosha mkono. Baba mwenyewe hakupata kulisema hilo. Kila redio ilipoitaja Jioni ya Uzi, aliondoka mezani akaenda kusimama dirishani, na Odile alikua akijua kwamba huo ndio unyenyekevu. Alilitaka jina lile kwenye shaba. Alilitaka kuliko alivyopata kutaka kitu chochote, na aliona haya kulitaka.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliamua kuwasikiliza wote. Wa kwanza alikuwa Bi Josiane Dehousse, binti wa kiongozi wa fidla, mfamasia mstaafu aliyevaa lulu hata akienda sokoni. Huyu alisema kwamba hakuna cha kuchunguza: desturi ni desturi, kiongozi hutoa fidla, na baba yake alikuwa kiongozi. Maneno ya kwamba alikataa yalitungwa na wivu. Akaongeza kwamba baba yake alitoa fidla kabla hata uzi haujamaliza kukatika, jambo ambalo Bi Odile aliliandika kisha akalipigia mstari. Alipomwuliza kama anakumbuka kwamba Hubert Radelet aliketi kiti cha pili, Bi Josiane alizichezea lulu zake kidogo, akasema, haya, kama ndivyo unavyosema wewe.

Jumanne alikwenda kula mchana na Gaspard Wathelet. Mzee huyo, mwenye miaka themanini na moja, ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wapiga fidla wa siku ile. Waliketi kwenye mkahawa wake wa kila siku, mbele ya madonge ya nyama yenye mchuzi mtamu na chipsi, na mzee akala kama kijana wa jeshini.

"Dehousse?" alisema. "Dehousse aliikumbatia fidla yake kama mtu aliyebeba mtoto kwenye mvua. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mkono wangu mrefu, unauona. Nikapitisha fidla yangu juu ya bega lake, binti akaidaka. Basi. Mengine porojo."

"Na baba yangu? Si alikuwa hapohapo ubavuni kwa Dehousse?"

Gaspard alichovya chipsi kwenye mchuzi.

"Baba yako alikuwa mtu mwema."

"Mzee Gaspard, sikuuliza wema. Nimeuliza alikaa wapi."

"Alikaa alikokaa. Kula, mwanangu, nyama inapoa."

Bi Odile alirudi ofisini akiwa amechanganyikiwa. Wawili wamesema, na maelezo ni matatu ukihesabu ya mama, na kila moja linaliua jingine. Kwa nini mzee huyu asijibu swali jepesi? Ni wivu, alijiambia. Anataka jina lake kwenye shaba kabla hajafa, anaona haya kumnyang'anya marehemu mbele ya mtoto wake. Lakini mbona macho yake yalimwonea huruma?

Jumatano alitoa kanda ya redio ya mwaka 1958, akajifungia. Uzi ulisikika ukikatika, mlio mdogo kama wa kijiti kavu. Kisha okestra peke yake, mapigo arobaini na mawili. Aliyahesabu kwa penseli. Kisha fidla ngeni ikaingia. Alisikiliza mara ya kwanza akasema, hii ni sauti ya Kiitaliano, haina ubishi, Dehousse. Akasikiliza mara ya pili, akasikia ukavu fulani katika nyuzi za chini, akakumbuka kwamba fidla ya Gaspard ilikuwa maarufu kwa kukwaruza. Mara ya tatu akafumba macho, na sauti iliyotoka ilikuwa ya sebule yao, Jumapili baada ya chakula, baba akiwa amevaa ndara. Alilia. Alipofumbua macho hakujua tena amesikia nini. Sikio nalo, kumbe, lina mikono.

Ndipo akakumbuka karatasi. Alikwenda kwenye kabati la tatu, akatoa picha ya okestra iliyopigwa siku ya fainali. Kwenye safu ya kwanza Dehousse alionekana vizuri na masharubu yake; mtu wa kiti cha pili alizibwa uso na mkono wa mwongozaji. Huko nyuma nyuso zilikuwa vivuli tu. Lakini picha hiyo ilikuwa na kadi yake, imepigwa chapa safi, imetiwa namba: "Safu ya kwanza, kiti cha kwanza: A. Dehousse. Kiti cha pili: H. Radelet." Bi Odile aliishika kadi ile kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota pete yake. Maneno ya mama, na sasa kadi. Alhamisi, saa nne asubuhi, alimpigia simu mchonga kibao akampa jina la Hubert Radelet, na Wakili Lhoest akasema vizuri sana, ilimradi lipo jina.

Ijumaa mchana Piroska Halmos aliwasili. Alikuwa bibi wa miaka sitini na tisa, mwembamba, mwenye viatu vya kutembelea milimani, na alishuka ngazi za ofisini bila kushika ukingo. Bi Odile alikuwa amemwandalia kahawa na keki ya wali, ile ya kikwao, na moyo ulimdunda kama wa binti anayeletewa posa. Alitaka kusikia jina la baba yake kutoka kinywa kile.

Alimwuliza kama alimwona aliyempa fidla.

"Mwanangu, sikumwona," Piroska alisema. "Ulikuja mkono na fidla, nikapokea. Ungekuwa mkono wa shetani ningepokea vilevile."

Kisha akacheka, akakiri jambo bila kuulizwa. Kwenye redio, alisema, amesimulia kwa miaka hamsini kwamba hakukosa noti hata moja, kwamba fidla moja ilitoka mkononi na nyingine ikaingia kama mtu anayebadilisha mguu wa kutembelea. Bi Odile akamwambia kwa upole kwamba ni mapigo arobaini na mawili. Piroska akarudia namba hiyo kwa Kihungari, kana kwamba kwa lugha hiyo ingepungua.

"Haya. Basi nami mwongo," alisema. "Lakini yupo mtu mmoja ninayemkumbuka vizuri. Yule wa mwisho."

Alisimulia kwamba shangwe zilipokwisha alitoka kwenda kuitafuta fidla yake. Alimkuta mtu amesimama ukumbini nyuma, ameishika kwa mikono miwili, na uzi unaning'inia vilevile ulivyokatika. Hakuwa ameufunga. Hakuwa na uzi. Alikuwa amevaa koti la sherehe la kuazima, na nyuzi zake za akiba zilibaki kwenye koti la kila siku, nyumbani. Sehemu yote ya mwisho aliketi na fidla ile magotini, mikono mitupu, wenzake wote wakipiga. Alimwomba msamaha msichana wa miaka kumi na tisa, huku akilia machozi.

"Nikamwambia, baba, nimeshinda, unalilia nini? Hakunisikia. Alikuwa na mstari wa buluu hapa, juu ya jicho. Kama wino."

Watu wa Liège wote wanaujua mstari huo: makaa yakikuchana chini ya ardhi, vumbi huingia kwenye jeraha na ngozi hufunga juu yake, ukazikwa nao. Wachimbaji wengi walikuwa nao. Lakini mpiga fidla aliyekuwa nao alikuwa mmoja tu, aliyeshuka mgodini miaka mitatu baada ya vita kwa kuwa muziki haukulisha mtu, na Odile mdogo alikuwa akiupapasa kwa kidole kabla ya kulala.

"Haiwezekani," alisema. "Baba yangu alikaa kiti cha pili. Ipo kadi."

Piroska hakujua hadi hapo kwamba anazungumza na binti wa mtu huyo. Aliweka chini uma wa keki. Alivaa miwani, akaipokea kadi, akaisoma pande zote mbili.

"Nani kaiandika hii?"

"Ofisi."

"Ofisi ina mikono, mwanangu?"

Bi Odile aliichukua kadi ili amwoneshe namba, muhuri, usafi wa kazi. Na hapo akaona herufi t. Kila t kwenye kadi ile ilikosa mkono wake wa kulia. Aligeuka taratibu, akavua kitambaa kilichofunika taipureta ya zamani pembeni mwa dirisha, akaingiza karatasi, akapiga t tatu. Zote zilitoka na mkono mmoja. Taipureta hiyo ilinunuliwa mwaka 1978, mwezi ule alioanza kazi yeye, na hakuna mtu mwingine aliyepata kuigusa.

Siku ikamrudia nzima. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ana kadi elfu nne za kuandika, na mama yake alikuja kumtembelea na keki ya wali kwenye sahani iliyofunikwa. Mama aliketi palepale alipoketi Piroska sasa. Walitazama picha pamoja. Mama akaweka kidole: huyu Dehousse, huyu wa pili baba yako. Naye akapiga chapa, ta-ta-ta, akatia namba, akala keki. Miaka thelathini baadaye alikuwa ameitoa kadi hiyo kabatini na kuiheshimu kama shahidi asiyemjua.

Hakujua amkasirikie nani. Je, mama alijua kwamba anadanganya, au alikuwa mjane anayejaza pengo? Pengine baba mwenyewe alimwambia hivyo, usiku mmoja, kwa aibu. Pengine hakusema kitu, na mama akaokota kimya chake akakishonea nguo. Na Gaspard alijua, na Josiane alijua, na wote wawili walimhurumia huku kila mmoja akivuta lake. Maswali yalimjia kwa mpigo, na wote wa kuyajibu walikuwa makaburini. Piroska alimshika mkono, akakaa naye.

Alipobaki peke yake, wazo jingine lilimpiga. Kifuko chekundu! Alikimbilia daftari la mikutano ya mwaka 1963, daftari alilolisoma mara ishirini, akatafuta kifungu cha kumi na nne. Sentensi ilikuwa pale siku zote: kifuko cha nyuzi kimekubaliwa, kwa pendekezo la mpiga fidla wa kiti cha mwisho. Basi. Jina halikuandikwa.

Furaha ilimpanda. Ni yeye! Nani mwingine? Miaka mitano aliibeba aibu ile, kisha akaigeuza kuwa kinga ya wengine, na dunia nzima imekuwa ikikitazama kifuko chake. Alivuta taipureta karibu, akapiga bila kusita: "Kifuko hiki kilipendekezwa na Hubert Radelet." T zote mbili zilimtazama na mkono wao mmoja. Aliacha kupiga. Je, mwaka 1963 baba alikuwa bado kwenye kiti cha mwisho? Hakujua. Hakuna karatasi iliyosema. Hata saa moja ilikuwa haijapita tangu aumbuliwe, na tayari mikono ilikuwa imeanza tena.

Aliichana karatasi ile, akapiga nyingine.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni, sebule ya ukumbi ilikuwa imejaa watu. Wakili Lhoest alipoona kwamba kabatini hamna fidla, alimvuta Bi Odile nyuma ya nguzo. Watu wanataka jina, alimnong'oneza, na kibao kimeshachongwa, na hivi anajua anachokifanya? Bi Odile alimjibu kwamba hajui, kwamba tangu jana hajui kitu chochote, na kwamba hicho ndicho anachokwenda kuwaambia. Akavuta pazia mwenyewe. Ndani ya kioo kulikuwa na kifuko chekundu cha mwaka 1963, kimepauka, na kadi yake.

Alisoma kwa sauti: "Kifuko cha nyuzi. Kifungu cha kumi na nne. Kilipendekezwa na mpiga fidla wa kiti cha mwisho. Jina halikuandikwa." Kisha akasema bila karatasi kwamba Jioni ya Uzi, kiti cha mwisho kiliketiwa na Hubert Radelet, baba yake, na kwamba hakuwa na uzi mfukoni. Kwamba kadi iliyosema vingine aliiandika yeye. Kwamba fidla iliyopigwa na Bi Piroska haijulikani ilikuwa ya nani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na aliona vilevile kwamba kifua kimekuwa chepesi.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Bi Josiane Dehousse, aliyemkumbatia kwa machozi ya kweli na kumwambia kwamba ni mwanamke jasiri, na kwamba sasa basi hakuna shaka, fidla ilikuwa ya baba Achille. Mzee Gaspard alimkatiza kwa kumwonesha jinsi mkono wake ulivyo mrefu. Piroska Halmos alikuwa akimweleza mwandishi wa gazeti kwamba mapigo yalikuwa arobaini na mawili, ndiyo, lakini mwongozaji siku ile alikimbiza mno. Naye Wakili Lhoest alipanda kwenye kijukwaa akatangaza kwamba kamati, tangu mwanzo kabisa, ilikusudia kukienzi kifuko chekundu. Bi Odile aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Angekuwa na nguvu angecheka. Kidole chake, safari hii, hakikunyooka.

Fainali ilipoanza aliketi nyuma, karibu na mlango. Jukwaani, kijana wa Kikorea alikuwa akisubiri kuingia, na huko mwisho kabisa wa safu za fidla, mwanamke mmoja alibandika kifuko kipya chekundu kwenye kinara chake. Bi Odile alishindwa kuondoa macho pale. Aliona koti la kuazima. Aliona mikono mitupu magotini. Moyoni alikuwa na hakika ya kuapia kwamba mpendekezaji alikuwa baba yake, na hakuwa na hata chembe ya ushahidi.

Mgeni aliyeketi jirani yake, mwenye kitabu cha ratiba na penseli, alimgusa bega.

"Samahani, mama. Kile kifuko chekundu ni cha nani?"

"Cha baba yangu" lilishafika ncha ya ulimi. Alilishika hapo kwa meno, likampigania, na macho yakamjaa machozi.

"Cha kiti cha mwisho," alisema.

Mgeni akaandika, okestra ikaanza, na Bi Odile akabaki ameikunja mikono yake kifuani kama mtu anayeizuia isitoroke. Kwa maana alikuwa amejifunza uzeeni, tena kwa gharama ya jina la baba yake, kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, hata awe ndiye aliyewekwa kulinda ngoma za wote.